Presha na Kisukari: Muuguzi wa Zahanati Atakusaidiaje?

Umeambiwa una presha, au sukari yako iko juu, na hujui uanzie wapi. Kama uko Kenya, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Magonjwa haya huitwa ya kudumu kwa sababu hayaishi kwa dozi moja. Yanataka mtu wa kukuangalia mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi.

Nitalipa nini? Jisajili kwanza na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa kupiga *147#, kitambulisho kikiwa mkononi. Kujisajili ni bure. Baada ya hapo, huduma za msingi katika zahanati (daraja la 2) na vituo vya afya (daraja la 3) vyenye mkataba na SHA hulipiwa na serikali. Hata hivyo, weka akiba kidogo: dawa zikikosekana kituoni, utaandikiwa ukanunue dukani.

Nijiandae vipi? Uliza siku ya kliniki ya presha na sukari. Beba dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Nusu saa kabla ya kupimwa, usivute sigara wala kunywa kahawa. Nenda haja ndogo, kisha keti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo ukianza kukubana, nyamaza.

Namba zina maana gani? Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni moyo unapopumzika. Ya juu ikifika 140 au ya chini 90, katika siku tofauti, hiyo ni presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, utapimwa tena kuthibitisha kisukari.

Mbona muuguzi anaangalia miguu? Kisukari kinaweza kuua hisia za nyayo. Utafumba macho, naye atakugusa kwa uzi wa nailoni akiuliza kama unahisi. Usipohisi, msumari unaweza kukuchoma na usijue. Kwa hiyo kagua nyayo kila jioni, hadi katikati ya vidole, na usitembee pekupeku.

Nikiruka dawa, nimwambie? Mwambie, tafadhali. Akidhani unazimeza zote, dozi inaweza kuongezwa bila sababu, na siku utakapozimeza kweli presha ishuke mno. Kama ni kizunguzungu, pesa au safari iliyokukwamisha, sema. Dawa inaweza kubadilishwa, au upewe za kukutosha safarini. Muuguzi hawezi kutibu asichoambiwa.

Lini nisisubiri kliniki? Kifua kikibana, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, nenda hospitali mara moja. Mwenye kisukari akitetemeka na kutokwa jasho, huenda sukari imeshuka: kama anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, kisha mwangalie tena baada ya robo saa. Asipopata nafuu, mkimbizeni hospitali.

Nunua daftari dogo uandike kila kipimo. Mhudumu wa afya ya jamii akikutembelea nyumbani, muonyeshe. Na kabla ya kutoka kliniki, hakikisha tarehe ya kurudi imeandikwa humo.