Neno "Skani" na Mgonjwa wa Garsen: Tatizo la Istilahi za Picha za Kitabibu

Makala haya yanachunguza neno moja, skani, kama linavyomfikia mgonjwa wa Garsen na vijiji vya Tana River. Mpokomo ana nafuu, kwani lugha yake na Kiswahili zote ni za kundi la Sabaki. Kwa Muorma, ambaye lugha yake ni ya Kikushi, Kiswahili ni lugha ya pili, na ndicho anachotegemea mara nyingi mbele ya daktari.

Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, haina utata mkubwa. Baadhi ya kamusi huiita uyoka, istilahi nzuri ambayo, kwa bahati mbaya, haijatoka kamusini. Mionzi hupenya nyama kwa urahisi lakini huzuiwa na mfupa, ndiyo maana mfupa huonekana mweupe.

Utata umo katika skani. Mama mjamzito asemapo ameenda skani, ana maana ya altrasaundi: tumbo hupakwa jeli, kifaa hutuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, na mwangwi wake hugeuzwa kuwa picha. Hapana mionzi hata kidogo. Huenda akaagizwa anywe maji mengi asiende haja ndogo. Kibofu kilichojaa huyapisha mawimbi hadi kwenye mfuko wa uzazi. (Mara nyingi huagizwa tu, haelezwi.) Mama huyohuyo akielekezwa Mombasa kufanyiwa siti skani, husikia neno lilelile. Kumbe hii ni eksirei inayouzunguka mwili, kompyuta ikaunga vipande vya picha. Mionzi yake huizidi sana ile ya picha moja ya kifua. Aliyekwisha kuambiwa kwamba skani haina mionzi ataona haja gani ya kutaja mimba changa? Na aliyesikia kwamba skani ina mionzi aweza kuikimbia altrasaundi inayomfaa.

Emarai nayo huitwa skani, ilhali hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio. Bangili huvuliwa, na chuma chochote kilichomo mwilini sharti kitajwe.

Kwa maoni yangu, jina litaje kinachopita mwilini: picha ya sauti, picha ya mionzi, picha ya sumaku. Mwanafizikia atalalamika kwamba eksirei na siti skani zimetiwa kapu moja. Na alalamike, kwa mjamzito, hilo ndilo kapu la kutajia mimba kabla mashine haijawashwa.