Siku Moja Arabuko-Sokoke: Somo la Kutembea Msituni na Kuona Wanyama

Barabara kuu ya Mombasa–Malindi hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa kilomita nyingi. Abiria wa matatu huuona kama ukuta wa kijani, kisha ukuta huisha na safari inaendelea. Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wamepita hapo mara mia bila kushuka hata siku moja, huku wageni wakivuka bahari kuja kutazama wanyama na ndege wa msitu huo huo.

Somo hili ni la mkazi anayetaka kushuka. Si lazima awe na gari la kifahari au kamera kubwa. Anachohitaji ni viatu vilivyofunika vidole, maji, mwelekezi, na uwezo wa kukaa kimya.

Msitu wenyewe

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kuna zaidi ya aina 230 za ndege na zaidi ya aina 250 za vipepeo. Wamo pia tembo, kima, nyani, paa, na baadhi ya viumbe ambao ni vigumu kuwapata penginepo duniani.

Msitu huu si wa namna moja, na njia rahisi ya kujua uko sehemu gani ni kutazama chini.

Upande wa mashariki, kuelekea bahari, mchanga ni wa kijivu. Huo ndio msitu mchanganyiko, wenye miti mikubwa kama mbambakofi. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba nyingi. Hapo hutawala mirihi, miti iliyoachana kidogo, na mwanga wa jua hufika hadi chini. Ukisonga magharibi udongo unakuwa mwekundu na mvua hupungua. Huko miti jamii ya Cynometra husongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupita bila kufuata njia.

Kila sehemu ina wenyeji wake. Chozi wa Amani, ndege mdogo anayefyonza maua, hukaa juu kwenye mirihi. Humo humo hupatikana kwera wa Clarke, ndege ambaye duniani kote anajulikana kutoka Kaunti ya Kilifi peke yake. Kwenye udongo mwekundu hukaa bundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, ambao si zaidi sana ya kiganja cha mtu mzima. Wengine wana rangi ya kijivu na wengine hudhurungi inayoelekea wekundu. Mchana hulala kwenye matawi ya chini, na mara nyingi huonekana wawili wakiwa wameegemeana. Kwa watu wengi wa Pwani bundi ni ndege wa mkosi, lakini kwa mwelekezi wa msitu huyu ni riziki.

Mfano wa matembezi ya siku moja

Chukua mfano wa mume na mke kutoka Malindi ambao wamepata Jumamosi moja bila kazi. Wanaondoka nyumbani alfajiri na kushuka karibu na njia panda ya Gede, inakochepuka barabara ya Watamu. Katika kituo cha msitu wanajiandikisha, wanalipa ada na kupata mwelekezi. Kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi wako njiani.

Saa hiyo ina maana yake. Ndege huimba na kutafuta chakula kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Jua likipanda viumbe vingi hujificha, na anayefika saa tano huona miti tu, kisha hurudi kusema hakuna kitu.

Mwelekezi anatangulia, mke anafuata, mume yuko nyuma. Wanatembea hatua kumi, wanasimama, wanasikiliza. Mwanzoni mwendo huo unamchosha mume, aliyezoea kutembea ili afike. Kwenye njia ya msituni mtu huona zaidi anaposimama.

Katika kituo cha nne au cha tano mke anasikia kitu: pa, pa, pa, kama mtu anayepiga majani makavu kwa kijiti. Mwelekezi anainua mkono. Mbele yao, kiasi cha hatua kumi na tano, mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza, anafukua majani. Mgongo wake ni hudhurungi nyekundu, na matako yake ni ya manjano iliyokolea kama embe bivu.

“Mama watoto, umemwona?” mume anauliza kwa sauti ya kawaida. Mnyama anaruka na kupotea.

“Nilimwona,” mke anajibu, “mpaka ulipouliza.”

Sange: mnyama wa kwetu

Mnyama huyo ni sange wa matako ya manjano. Ana uzito wa karibu nusu kilo. Anapatikana Kenya peke yake, na ngome yake kubwa ni Arabuko-Sokoke. Wachache huishi pia katika miti iliyozunguka magofu ya mji wa kale wa Gede, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Kwa sura anafanana na panya mkubwa, lakini si panya. Uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba ukoo wake uko karibu zaidi na tembo, pimbi, nguva na mhanga. Kwa hiyo katika msitu mmoja wamo mnyama wa nusu kilo na mnyama wa tani kadhaa walio ndugu wa mbali.

Sange huishi mume na mke. Jozi moja hushika eneo lake na kulilinda. Dume hufukuza madume wanaoingia, na jike hufukuza majike. Hata hivyo hawaongozani kutwa nzima. Kila mmoja hutafuta chakula chake: minyoo, mende, jongoo, buibui na mchwa walio chini ya majani. Mara nyingi kurumbiza, ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, humfuata na kuokota wadudu wanaoruka anapofukua. Ukisikia kurumbiza akishughulika karibu na ardhi, simama. Huenda sange yuko hapo.

Ile sauti ya pa, pa, pa ni mkia. Sange akihisi adui hupiga majani kwa mkia wake, kana kwamba anasema: nimekuona, usijisumbue. Adui akishambulia, manjano ya matakoni huvuta macho yake huko, na ngozi ya sehemu hiyo ni nene kuliko ya mgongo. Bora kuumwa hapo kuliko shingoni.

Usiku sange hulala ndani ya rundo la majani alilokusanya mwenyewe chini ya miti. Huwa na malazi kadhaa na hubadilisha mara kwa mara. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi.

Mambo hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayomweka hatarini. Mnyama anayelala ndani ya majani makavu hawezi kuishi palipofyekwa, palipochomwa au palipozolewa majani yote. Na mnyama anayezaa mmoja mmoja hajazi pengo haraka akiuawa. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Mkikuta mtego

Turudi njiani. Karibu na saa mbili mwelekezi anachepuka kidogo na kuinama. Amekuta kitanzi cha waya mwembamba kilichofungwa kwenye mche, kikiwa kimo cha kiwiko kutoka ardhini. Huenda aliyekitega alikuwa na nia ya kupata paa. Lakini waya hauchagui: sange, kanga na hata ndama wa tembo huweza kunaswa.

Mtembezi akikuta mtego asiondoke kimya, wala asizunguke msituni peke yake kutafuta mingine. Akumbuke mahali, aangalie saa, na apige picha kama ana simu. Mwelekezi au askari wa msitu ndiye atakayeutoa. Taarifa ipelekwe ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza uwindaji, hata ule wa kutafuta kitoweo cha nyumbani.

Sheria peke yake haijibu swali la mke: “Sasa aliyetega huyu, watoto wake wale nini?” Swali ni la haki. Jamii zinazopakana na msitu hulima ardhi yenye mvua ya wasiwasi, na kwa miaka mingi msitu kwao ulikuwa na maana ya nyani na tembo wanaoharibu mahindi. Kinachobadilisha hesabu hiyo ni msitu kuleta kitu nyumbani ukiwa umesimama.

Mifano ipo. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, hununua mabuu ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuyauza kwenye maonyesho ya vipepeo nje ya nchi. Mkulima wa vipepeo anahitaji msitu, kwa sababu vipepeo wa mbegu na mimea ya kuwalisha viwavi hutoka humo. Mpango wa ASSETS, unaoendeshwa na A Rocha Kenya, umesaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia za maeneo hayo, na sehemu ya fedha zake imetokana na utalii. Waelekezi nao ni vijana wa hapa hapa. Ada ya mume na mke kutoka Malindi ni ndogo, lakini inaingia katika hesabu hiyo hiyo.

Usalama njiani

Matembezi ya msituni si hatari kwa anayefuata utaratibu. Wakazi wanashauriwa kuzingatia haya:

- Usiingie bila mwelekezi. Msitu una tembo, na njia nyingi zinafanana.
- Mkiona kinyesi kibichi cha tembo au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, mwelekezi ndiye anayeamua kuendelea au kurudi. Msibishane naye.
- Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofungwa. Tazama unapokanyaga, na usitie mkono kwenye shimo au chini ya gogo.
- Mtu akiumwa na nyoka, atulizwe na asitembezwe bila lazima. Usichanje jeraha, usilinyonye, wala usifunge kamba ya kubana damu. Apelekwe hospitali mara moja.
- Beba maji ya kutosha, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu, na urudi na takataka zako.
- Usiwalishe kima wala nyani. Aliyezoea mkate wa mgeni kesho atapora mtoto.
- Usibebe mche, ganda, kobe wala kipepeo. Vinavyopatikana humo hubaki humo.

Jioni: Mida

Nguvu zikiwa zimebaki, mume na mke wanaweza kula chakula cha mchana Gede, kisha alasiri waende Mida, mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Muulize mwelekezi saa za maji kabla ya kwenda. Maji yakianza kujaa, ndege waliokuwa wametawanyika kwenye matope husogea karibu.

Kati ya Oktoba na Aprili huonekana huko ndege wengi waliohama kutoka kaskazini. Mmoja ni ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene, mlaji wa kaa, ambaye huzaa kwenye fukwe za mchanga za Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kushinda kwetu.

Andika ulichoona

Kumbukumbu ya kichwani hupotea haraka. Beba daftari dogo na uandike mambo matano kwa kila mnyama au ndege: tarehe, saa, mahali, idadi, na alikuwa akifanya nini. Ongeza rangi ya mchanga. Usipojua jina, eleza umbo na sauti, mwelekezi atakusaidia. Orodha za ndege zinaweza kutumwa kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaopokea taarifa kutoka kwa wananchi wa kawaida na kuonyesha ndege gani wako wapi nchini.

Andika pia ambacho hukukiona. Anayepita njia ile ile mara nne kwa mwaka, na safari ya nne asisikie mkia wowote ukipiga majani, ana habari ambayo ofisi ya msitu inaihitaji.

Mazoezi ya nyumbani na shuleni

1. Taja sehemu tatu za msitu wa Arabuko-Sokoke na rangi ya mchanga wa kila moja.
2. Kwa nini kuzoa majani makavu yote chini ya miti kunamdhuru sange?
3. Waulize wazee wawili wa kijiji chenu majina ya wanyama na miti ya msituni kwa Kigiriama au lugha yenu ya nyumbani. Yaandike kwenye daftari kabla hujaenda.
4. Jadilini: familia inayopakana na msitu ingehitaji kipato gani ili iache kutega?