Somo la Ramani: Kutoka Mistari ya Kontua Hadi Modeli ya Ardhi

Mvua kubwa inaponyesha Aberdare na Mlima Kenya, na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakajaa, wakaazi wa Garissa, Hola na Garsen hutangaziwa wahamie maeneo ya juu. Lakini juu ni wapi? Katika tambarare za Mto Tana, tofauti ya mita mbili tu inaweza kuamua nyumba ipi itaingia maji na ipi itabaki kavu. Tofauti hiyo ni vigumu kuitambua kwa macho.

Jibu hutafutwa kwa modeli ya kidijitali ya ardhi. Hii ni ramani ndani ya kompyuta ambapo kila kipande kidogo cha ardhi kimepewa mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Wapangaji huitumia kuamua mahali pa kujenga daraja, kalvati, mtaro, zahanati au kambi ya waliohama. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja upimaji ardhi na uchoraji ramani miongoni mwa kazi za kaunti, hivyo ni vyema mkaazi ajue modeli hutengenezwa vipi na makosa huingilia wapi.

Kontua ni nini?

Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye mwinuko sawa. Anayetembea juu ya mstari huo hapandi wala hashuki. Mistari ikibanana, ardhi ni mteremko mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Katika ramani nyingi za Kenya za kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, na tofauti kati ya kontua moja na inayofuata ni mita 20.

Hatua ya kwanza: kuingiza mistari

Ramani ya karatasi hupigwa skani, kisha kila kontua hufuatishwa kwenye kompyuta na kupewa mwinuko wake. Kosa dogo hapa huzaa kosa kubwa baadaye. Mstari wa mita 140 ukiandikwa 410, kilima kisichokuwepo huchomoza ghafla. Ndiyo maana mistari hukaguliwa: isikatane, isikatike, na isiruke namba.

Kosa jingine ni la mahali. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya setilaiti hutumia WGS84. Vipimo vya mifumo hiyo miwili vikichanganywa bila kubadilishwa, kitu husogea takriban mita 300. Umbali huo unatosha kuhamisha shule kutoka kwenye mwinuko hadi mtoni.

Hatua ya pili: kujaza nafasi kati ya mistari

Mwinuko wa kontua unajulikana, lakini ule wa ardhi iliyo kati ya kontua mbili haujulikani. Kompyuta hukisia. Njia moja ya kawaida ni kuunganisha nukta za kontua kwa pembetatu nyingi na kuchukulia kwamba kila pembetatu ni uso ulionyooka.

Tatizo hutokea pembe zote tatu zinapoangukia kontua ileile. Pembetatu hiyo hulala bapa kabisa. Kilele cha kilima huonekana kama meza, na bonde jembamba huonekana kama ngazi. Dawa ni kuongeza habari ambazo kontua hazina: nukta za mwinuko zilizopimwa kwenye vilele, mistari ya migongo ya vilima, na mistari ya mito na laga.

Tuseme kontua ya mita 40 na ya mita 60 zimeachana sentimita 8 kwenye ramani ya 1:50,000. Ardhini hizo ni kilomita 4. Kompyuta itachora mteremko laini wa mita 5 kwa kila kilomita, na katikati itaandika mita 50. Lakini huenda hapo pamepita mkondo wa zamani wa mto, na mwinuko wa kweli ni mita 44. Atakayejenga hapo kwa kuamini mita 50 amejenga ndani ya njia ya maji.

Hatua ya tatu: kufuata maji

Maji hushuka hadi yapate mto, ziwa au bahari. Modeli mbaya huwa na mashimo ya uongo ambamo maji yanakwama katikati ya bonde. Mwaka 1989, Michael Hutchinson wa Australia alichapisha njia ya kutengeneza modeli kwa kutumia miinuko pamoja na mistari ya mito, huku mashimo hayo yakiondolewa, na njia hiyo bado inatumika. Hata hivyo, si kila shimo ni la uongo. Maziwa ya delta na mabwawa ya kunyweshea mifugo ni ya kweli, na yakifukiwa kwenye kompyuta, ramani ya mafuriko itapotosha.

Hatua ya nne: kupima ukweli

Modeli haiaminiki kwa kuwa ina rangi nzuri. Wapimaji huenda uwanjani, wakapima nukta ambazo hazikutumika kuitengeneza, kisha wakalinganisha. Tuseme tofauti katika nukta nne ni +1, -3, +2 na -1 mita. Wastani wake ni -0.25, na mtu anaweza kudhani kazi ni nzuri. Lakini makosa ya juu na ya chini yamefutana tu. Kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe: 1, 9, 4 na 1. Jumla ni 15, wastani 3.75, na kipeo cha pili chake ni karibu mita 1.9. Hilo ndilo kosa la kweli.

Mwinuko wa setilaiti nao hurekebishwa kwanza. Kifaa cha setilaiti kisichorekebishwa, kikiwekwa ufukweni katika Pwani ya Kenya, huonyesha zaidi ya mita 20 chini ya sifuri ingawa kiko usawa wa bahari.

Mipaka ya modeli

Kanuni ya wapimaji ni kwamba ramani nzuri ya kontua inaweza kukosea hadi nusu ya tofauti ya kontua zake. Kwa kontua za mita 20, hiyo ni mita 10. Ramani kama hiyo inafaa kupanga barabara ya milimani, lakini haiwezi kuamua nani atafikiwa na mafuriko ya mita 2. Kuigawa katika vipande vidogo zaidi kwenye kompyuta hakuongezi ukweli. Data ya rada iliyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11 mwezi wa Februari 2000 husaidia, lakini mara nyingi rada hiyo ilipima majani ya miti badala ya udongo, hivyo msitu wa kando ya mto huweza kuonekana kama tuta. Kwa tambarare, upimaji mpya wa ardhini au wa ndege hauepukiki.

Mkaazi afanye nini?

- Awaonyeshe wapimaji alama za maji ya mafuriko yaliyopita kwenye kuta na miti, pamoja na mikondo ya zamani ambayo wazee wanaijua.
- Alinde bikoni na alama za upimaji. Kuziharibu ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299.
- Katika baraza, ramani ya mafuriko ikiletwa, aulize maswali matatu: Imetokana na kontua za mita ngapi? Imekaguliwa kwa nukta ngapi za uwanjani? Kosa lake ni mita ngapi?

Ikiwa kosa ni kubwa kuliko kina cha maji yanayohofiwa, ramani hiyo haijatosha kumwambia mtu abaki nyumbani kwake.