Likizo Zanzibar: Zawadi Ipi Urudi Nayo Hallunda?

Likizo za shule zikikaribia, masanduku hapa Hallunda huanza kujaa: viatu vya watoto, dawa za bibi, chokoleti za majirani. Tukirudi, masanduku yale yale hubeba harufu ya nyumbani. Hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Kombe zuri au kipande cha matumbawe kutoka ufukweni kinaweza kukutia matatani uwanja wa ndege wa Arlanda. Zaidi ya hayo, kimekwisha kupunguza kitu katika bahari iliyowalea wazee wetu.

Sheria inasemaje?

Biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini inasimamiwa na mkataba wa CITES wa mwaka 1973. Tanzania na Uswidi zote ni wanachama. Hapa Uswidi, vibali hutolewa na Jordbruksverket, mamlaka ya kilimo, na mizigo hukaguliwa na forodha, yaani Tullverket. Ukikutwa na kitu kinachohitaji kibali nawe huna, kitachukuliwa, na unaweza kushtakiwa. Kusema "nilipewa zawadi" hakukuokoi.

Vitu vya kuacha huko huko

Kitu chochote cha kasa. Aina zote za kasa wa baharini zimo katika kundi linalolindwa kwa ukali kuliko yote. Jihadhari hasa na bangili, vitana na pete za ng'amba, mmoja wa kasa hao. Gamba lake lina rangi ya asali yenye mabaka ya kahawia na meusi, na ukiliinua juani sehemu za asali hupitisha nuru. Zipo bangili za plastiki zinazofanana nalo. Ukishindwa kuzitofautisha, usinunue.

Matumbawe. Matumbawe magumu yanahitaji kibali hata yakiwa yamekufa na kukauka. Yale ya mviringo hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa ngumi kinachopamba dirisha kimechukua miaka mingi kujengeka.

Chaza wakubwa na farasi-bahari waliokaushwa. Hawa nao wako chini ya mkataba. Na hata kombe lisilokatazwa, liache mchangani: kaa wadogo huhamia humo na kulifanya nyumba.

Nyama na maziwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa kutoka Afrika Mashariki, hata nyama iliyokaushwa. Embe nalo linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, nanasi na tende havihitaji cheti hicho.

Onyo kuhusu nyama ya kasa

Ukikaribishwa nyama ya kasa, kataa kwa adabu, na wazuie watoto. Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki Kisiwa Panza, Pemba, baada ya kuila, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Novemba 2021 pia watu saba walifariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na haina dawa ya kuiondoa mwilini.

Ukiwa matembezini

Katika msitu wa Jozani utamwona kima punju, ambaye kwa asili anapatikana Zanzibar peke yake. Huenda ukamkuta amekaa na kipande cha mkaa mkononi, akikitafuna taratibu. Mkaa humsaidia kupunguza makali ya sumu ya majani anayokula, kama ya mwembe na mkungu. Chakula chake anakijua. Usimpe ndizi wala biskuti. Usimguse, kwani mafua yako yanaweza kumwambukiza. Na mwambie dereva apunguze mwendo: kima wengi wamekufa kwa kugongwa barabarani hapo.

Kizimkazi, usikubali nahodha awafukuze pomboo wala awazibie njia. Ukikutana na kasa anayetaga usiku, zima tochi, usipige picha kwa mwanga mkali, na rudi nyuma. Mifuko ya plastiki iache Hallunda: Zanzibar na Tanzania bara zote zimeipiga marufuku.

Je, ikiwa una shaka?

Uliza Jordbruksverket kabla ya kusafiri. Ukiwa umeshafika Arlanda na kitu chenye shaka, pita njia nyekundu na ukitaje mwenyewe.

Watoto wetu waliozaliwa hapa wanafundishwa shuleni kuheshimu msitu. Okidi zote za porini zimelindwa Uswidi nzima, na vyura na nyoka vilevile. Basi wasione kwamba heshima hiyo inaishia uwanja wa ndege. Waleteeni khanga, kikapu cha ukili, kofia ya vito, pakiti ya mdalasini uliokaushwa. Kombe waoneshwe ufukweni, walishike, walisikilize, kisha walirudishe mahali pake.