Mkanda Mpana kwa Picha ya Shamba la Babu

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilirudi Lushoto nikakuta shamba la babu linauzwa. Babu hakulalamika. Alisema tu, "Mjukuu wangu, nipigie picha kubwa ya bonde hili, niitundike ukutani." Ningeweza kutumia simu, lakini picha zangu za miaka miwili zilishapotea pamoja na simu. Nilitaka negativu, kitu cha kushika mkononi.

Nikaamua kutafuta kamera ya mkanda wa 120, ambao Kodak waliuanzisha mwaka 1901. Upana wake ni kama sentimita 6. Picha ya 6x6 ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Ya 6x7 zaidi ya mara nne. Ndiyo maana ukiikuza, majani ya mbali bado yanaonekana.

Bumu lilikuwa limebaki kidogo, kwa hiyo nilijiuliza maswali matatu: nitaibebaje, inategemea betri, na nitabakiwa na hela ya mkanda?

Mamiya RB67 hupiga 6x7, picha 10 kwa mkanda. Haihitaji betri, na mgongo wake unazunguka, hivyo huna haja ya kuilaza kamera. Ila na lenzi yake inazidi kilo mbili na nusu. Kwa mlima ule? Hapana.

Pentax 67 ina umbo la kamera ya kawaida, lakini shata yake haifanyi kazi bila betri, na kioo chake kikiruka ndani kinatikisa kamera. Bila stendi imara, picha inaweza kutoka na ukungu.

Yashica Mat-124G ni ya 6x6, picha 12, uzito kama kilo moja. Lenzi haibadilishwi, lakini shata ni ya springi. Betri ni ya kipimia mwanga tu. Nikachagua hiyo.

Kabla ya kulipa, fungua shata kwenye B umulike lenzi kwa tochi utafute kuvu. Kisha sikiliza sekunde 1: ikikwama, mwachie muuzaji kamera yake.

Kipimia changu kilikuwa kimekufa, nikatumia kanuni ya zamani: jua kali, f/16, na kasi iliyo karibu na ISO. Kwa mkanda wa ISO 100, weka 1/125.

Kosa langu sasa. Kamera hii ina lenzi mbili: unatazama kwa ya juu, picha inapigwa na ya chini. Kamba ya shingoni ilining'inia mbele ya ile ya chini, nami juu naona bonde safi kabisa! Mkanda uliposafishwa, picha 7 kati ya 12 zilikuwa na kivuli cheusi. Wakati huo shamba lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Namshukuru Mungu, tano zilipona. Nilichapisha moja, nikampelekea babu. Alikaa nayo kimya, kisha akaweka kidole kwenye mti mdogo pembeni mwa bonde.

"Huu mpeasi niliupanda alipozaliwa mama yako."

Kwa hiyo, ndugu yangu, usianze na jina la kamera. Anza na picha unayoidaiwa na njia utakayopanda nayo. Halafu funga kamba vizuri.