Kumbukumbu na Majonzi katika Filamu ya Pumzi

Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu, ni bunilizi ya kisayansi inayosawiri Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Asha, mhusika mkuu, anatunza makumbusho ya mimea na viumbe vilivyotoweka. Anapoota mti, mashine huitambua ndoto hiyo na kumwamuru ameze dawa ya kuizima.

Kwa nini ndoto ikatazwe? Makumbusho huonyesha kilichokufa, ilhali ndoto hudai kifufuliwe. Jamii ya Asha huitwa Maitu, neno la Kigikuyu lenye maana ya mama. Kinachoomboleza moyoni mwake ni kupotelewa na ardhi kama mzazi. Majonzi hayo ndiyo yanayomsukuma kutoroka na kuunywesha mche maji yake ya mwisho.

Maudhui haya si mageni Eastlands. Kule Kaloleni au Jericho, mfiwa huweza kuhifadhi sauti ya marehemu katika simu, lakini matangani ndipo majirani humsimulia na kumlilia pamoja. Mwanafunzi wa fasihi basi ajiulize: mashine ikishatunza kumbukumbu zetu, nani atakayetuachia nafasi ya kuomboleza?