Ukitaka kujua asili ya jina la kabila: mbinu kwa mfano wa Wakurya

Mwulize mzee yeyote wa Itiryo, wilayani Tarime, jina "Wakurya" limetoka wapi, na huenda jibu likawa fupi: babu yetu aliitwa Mokuria, alitoka Misri. Vijana wengi wenye madaftari huandika hivyo, wakashukuru, wakaondoka. Hawajakosea, ila wamepata jibu la swali moja tu. Jina la watu huulizwa kwanza mambo matatu: nani aliwaita hivyo, aliwaita akina nani, na lini. Maana ya neno lenyewe hufuata baadaye, na mara nyingine haipatikani kabisa. Hizi hapa hatua za kufuata.

1. Vua viambishi kwanza

Katika Igikuria, mtu mmoja ni Omokuria, watu ni Abakuria, nchi yao ni Bukuria, na lugha ni Igikuria. Shina linalobaki ni -kuria. Usishangae lugha ya Abanyabasi, mojawapo ya jamii za Wakurya, kuitwa Ikinyabasi huku ya Abakuria ikiitwa Igikuria: kiambishi iki- hugeuka igi- kinapofuatwa na sauti kama k au t. Asiyejua kanuni hii hudhani ni maneno mawili tofauti.

Hatua hii inafichua jambo la maana. Mokuria, yule babu, jina lake ndilo neno la kumtaja Mkurya mmoja. Vivyo hivyo Wagusii wa Kenya wana babu aitwaye Mogusii. Kwa hiyo jibu la babu linakueleza kwamba watu hawa wanajihesabu ndugu wa damu moja, lakini halijakueleza shina lina maana gani.

2. Kusanya tahajia zote

Tanzania huandika Kurya, Kenya huandika Kuria. Mwanajeshi Mjerumani Max Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1910, aliandika Bakulia, na ofisa wa Kiingereza E. C. Baker miaka ya 1930 aliandika Bakuria. Ukitafuta tahajia moja tu maktabani au kwenye Nyaraka za Taifa, nusu ya habari itakupita. Tafuta pia Tende, jina jingine linalotajwa kwenye orodha za lugha.

Ila usijenge maana juu ya tahajia. "Kulia" ya Weiss haihusiani na mkono wa kulia wala machozi. Ni sikio la mgeni tu, kwenye lugha isiyotenganisha r na l kama Kiswahili kinavyofanya.

3. Tenganisha jina la nyumbani na jina la jirani

Uliza: Wajaluo wanawaitaje? Wamaasai je? Majina ya majirani mara nyingi hubeba dharau au shughuli. Neno Ndorobo limetokana na Kimaasai, likiwa na maana ya watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Wakulima wa Serengeti magharibi, kama Wanata na Waikoma, waliwaita wawindaji wa kale wa eneo hilo Asi. Watemi wa Loliondo nao wamejulikana kwa wengine kama Wasonjo. Ukichukua jina la jirani ukalitafsiri, umepata maoni ya jirani, hujapata asili ya wahusika.

4. Pima jina lilienea kiasi gani

Mwulize mzee hivi: "Tata, ulipokuwa kijana, mgeni akikuuliza wewe ni nani, ulijibu nini?" Wengi watataja ikiaro chao (wingi: ibiaro), yaani jamii yao ndani ya Wakurya: Abairege, Abanyabasi, Abakira, Abatimbaru, Abanchari, Abasweta. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel, aliyeishi na Wakurya miaka ya 1950, alionyesha kwamba ibiaro ndivyo vilivyokuwa jamii zenye nguvu, na kwamba jina Kuria kuwafunika wote lilipata uzito wakati wa ukoloni. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 na 1890 ulikuwa umewagawa ndugu pande mbili, na kila serikali ikahitaji jina la kuandika kwenye vitabu vyake. Kwa hiyo jina laweza kuwa la kale huku upana wake ukiwa wa juzi.

5. Tia simulizi kwenye kalenda

Wakurya wana amakora, vizazi vyenye majina yanayozunguka. Katika mzunguko mmoja Abasaai huzaa Abanyambureti, hao huzaa Abagamunyere, hao huzaa Abamaina, kisha hurudi Abasaai. Mzee akisema "enzi za Abasaai" bado hujapata wakati, maana jina hilo hurudi kila baada ya vizazi vinne. Uliza irikora (umoja wa amakora) lake, la baba yake, la babu yake, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa makadirio ya miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, mzunguko ni kama karne moja. Kwa mambo ya karibu tumia majina ya saro, yaani makundi ya waliotahiriwa pamoja, uyapange kando ya vita kuu vya 1914, uhuru wa 1961, na vita vya Kagera vya 1978.

6. Misri: usiipuuze, usiimeze

Simulizi la Misri wanalo pia Wagusii na Walogoli. Angalia neno lenyewe: "Misri" ni la Kiarabu, na liliingia bara pamoja na misafara, Kiswahili na Biblia. Lugha nayo ina ushahidi wake: Igikuria ni Kibantu, kinachokaribiana sana na Ekegusii na Kingoreme, na Kibantu chimbuko lake ni magharibi ya mbali, mpakani mwa Kameruni na Nigeria. Kumbukumbu ya kuhama kutoka kaskazini yaweza kuwa ya kweli huku jina la mahali likiwa limebandikwa baadaye. Mwombe mzee akutajie mito na vilima walivyopitia. Hivyo ndivyo vinavyofuatika kwenye ramani.

7. Andika kwa ngazi

Gawa ukurasa wako sehemu tatu: yanayothibitishwa na lugha au maandishi, yanayosimuliwa na wazee (taja ikiaro na irikora la msimulizi), na yanayokisiwa. Linganisha na kitabu cha historia cha Paul Abuso cha 1980, na kamusi ya Igikuria ya Muniko, Magige na Ruel ya 1996. Kisha rudi kwa mzee, umsomee ulichoandika, na umwalike mzee wa ikiaro kingine asikilize. Watakapobishana, usiwapatanishe. Andika kauli zote mbili.